Kona ya Dakika ya Sabini

Glavu zangu ni za kiume, nilizinunua Ruwi
kwa muuza duka aliyedhani ni za kaka yangu.
Vidole vinaogelea ndani, nimevijaza pamba.
Joto la Boshar halina mapumziko:
saa mbili usiku, na milingoti bado inaunguza kiganja.

Ubaoni: wageni tatu, sisi bila.
Wametoka Dar, warefu, wepesi,
wanapasiana kama waliogawana pumzi moja.
Kocha wetu anafoka kwa Kiarabu,
mabeki wangu wanalaumiana kwa Kiarabu.

Kona.
Nambari saba analaza mpira, anaupapasa,
anamwita mwenzake kwa sauti, hafichi kitu,
maana nani hapa Maskati atamfahamu?
"Mwanne, wahi mlingoti wa kwanza!
Huyu kipa mfupi, anangoja wa mbali!"

Mfupi.
Bibi, akinisuka jikoni kwetu Al-Khuwair,
aliniita hivyo hivyo:
kifupi changu, tulia, kichwa si mpira.
Lugha ile niliijua ya kitana na mafuta ya nazi,
ya kugombezwa, ya kuombewa homa ishuke,
ya simu za Unguja zinazokatika kila Ijumaa.
Sikujua kama ina kona.

Nikasogea hatua mbili.
Mpira ukaja mlingoti wa kwanza
kama mgeni aliyeelekezwa nyumba.
Nikaupokea kifuani, pamba na vyote.

Mwanne kasimama, mikono kiunoni.
"Kajuaje huyu?"
Nikamjibu chini chini, nisimwaibishe:
"Si mmenambia wenyewe, dada."
Alicheka, akainama, akashika magoti,
mwamuzi akadhani kaumia.

La nne walilifunga bila kusema neno.
Mkwaju wa mita ishirini na tano,
ukapiga mtambaa wa panya, ukazama.
Nilibaki kuutazama wavu ukitulia.

Mama alikuwa garini muda wote,
kiyoyozi kikiwaka, tasbihi mkononi;
hawezi kutazama, anasema, moyo wake ni mmoja.
Nikaingia na fulana ya Mwanne, imenifika magotini.
"Ngapi?"
"Nne."
Akavuta uradi kidogo.
"Na hao Waswahili wenzetu, walikuwa wakisemaje?"
"Kwamba mie mfupi."
Tasbihi ikasimama.
"Nani? Yupi kasema?"
Na kabla sijamshika mkono
kishafungua mlango, buibui limenaswa na mkanda,
anauliza basi lao liko wapi.