Dola Thelathini na Mbili

Nyevu Charo alinijia ofisini, Tudor, saa nane mchana,
umeme umekatika, feni imekufa ikitazama dirishani.
"Mwalimu," akasema, "nimeiona makala yako.
Nimeona jina, kichwa, mistari sita ya ikisiri,
kisha ukuta: dola thelathini na mbili,
kwa saa ishirini na nne."

Nilicheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.
Miaka kumi na moja nafundisha somo hili hili,
ufikiaji huria, ubaoni, kwa chaki ya kijani:
maarifa ni kisima cha mtaa,
asiye na ndoo aazimwe ndoo.
Kumbe kinyozi hajinyoi,
na nywele zangu zishafika mabegani.

Mkataba wao niliutia saini usiku wa kuamkia Idi,
harufu ya iliki yaniita jikoni,
sikusoma ukurasa wa tatu.
Mimi! Ninayewaambia wanafunzi
msiweke kidole mahali msipoweka jicho.
Haki zote nikawakabidhi
kama baba atoaye binti, na mahari juu.

Kuufungua mlango, walisema, ni dola elfu moja na mia nane.
Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya unga:
mishahara miwili, na deni la chama halijaguswa.
Jarida jingine likaniandikia "Mpendwa Profesa"
(mimi si profesa),
likaahidi kunichapa kwa siku tatu, bila kusomwa na yeyote.
Hata unga wa kaimati hupewa muda uumuke.
Mwenzangu Mselem alilipa. Jarida likafa mwezi wa Mei,
makala yake ikazikwa nalo, bila sanda.

Basi jioni ile, kwa taa ya simu, nikausoma ukurasa wa tatu.
Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
rasimu ya mwandishi, iliyokubaliwa, isiyopambwa,
yaruhusiwa kuwekwa katika hazina ya chuo
baada ya miezi kumi na miwili.
Ilikuwa imepita ishirini na sita.
Mlango haukuwa na kufuli;
mimi ndiye niliyeuegemea.

Nikaipandisha. Dakika nne.

Nyevu akaisoma usiku, kwao Kisauni,
na Jumamosi akavuka daraja hadi Kibokoni
kumsomea Bi Mwanasiti, niliyemhoji zamani,
aliye ukurasa wa tisa kwa jina la Mhojiwa wa Nne.

Jumatatu akarudi na ujumbe, ameuandika kiganjani asisahau.

Bi Mwanasiti yuwasema: hapo sivyo.
Umeandika wanawake wa mtaa hawakuwa na mazoea
ya kutunza maandishi.
Tuliyatunza. Tuliyafungia sandukuni,
kwa kuwa kila aliyekuja kuazima, msomi na tai yake,
hakurudi.
Na lile daftari langu la buluu,
lenye hesabu za harusi na tungo za mamangu,
mwambie mwalimu, salaam sana,
liko wapi?

Nikamwambia Nyevu sijui.
Alipotoka nikavuta droo ya chini.
Lilikuwa limelala ndani ya bahasha isiyo na asidi,
safi, halina hata chembe ya vumbi,
mgongoni lina namba
kwa mwandiko wangu mzuri wa mkutubi,
na kibandiko chekundu:
HALIAZIMWI.