Chumba cha Upande wa Nyuma

Signora Loredana kaleta picha kumi na nne kwenye simu
na sauti ya dakika tatu:
"Nyevu, tiketi nishalipa. Siku tisa, Juni.
Ziwa ni refu, miji imetungwa pembeni kama shanga.
Pa kulala uchague wewe.
Safari hii mgeni ni wewe."

Nimekaa kizingitini, Muyeye, ungo wa mchele mapajani,
kidole kimoja kinachambua mawe,
kingine kinachambua Italia.

Mwanangu Kitsao anasema Bellagio.
Ukienda, mama, nenda kunakojulikana,
ukirudi watu wasikuulize ni wapi huko.
Dada yangu Sidi, aliyepanda treni mara moja, hadi Voi,
anasema Varenna: stesheni ipo,
ukichoshwa na wenyeji unajiondokea.

Nami nasoma maelezo kama wakili asomavyo hati ya shamba.
"Hatua chache kutoka majini." Chache ngapi?
Na ni hatua, au ni ngazi?
Goti langu la kushoto lilibaki kwenye vigae vya Casuarina,
nyumba ya vyumba sita, miaka ishirini na miwili,
wageni wa Jumamosi hadi Jumamosi.
"Katikati ya mji": basi pikipiki, na glasi kuvunjika saa saba za usiku.
"Kimya kabisa": hakuna duka, maziwa utayafuata mlimani.
"Roshani ya wapendanao": viti viwili, nafasi ya kimoja.
Nayajua maneno haya. Mengine nilisaidia kuyatunga,
meneja akiniuliza, Nyevu, chumba namba nne tukiiteje,
kile cha juu ya jiko, kinachonuka pweza.
Nikasema kiite Pumzi ya Bahari.
Kilijaa hadi Pasaka.

Picha moja sikuielewa. Ya kumi na moja.
Hapana ziwa, hapana mlima, hapana maua kwenye chungu.
Dirisha dogo tu, na nje yake kamba,
na kambani shuka mbili zimebanwa pembe kwa pembe,
upindo juu,
vile vile nibanavyo mimi ili pasi isipite mara mbili.

Nikampigia.
"Hiyo imejituma kwa bahati mbaya," akacheka.
"Ni Menaggio, upande wa nyuma. Hapana unachoona."
Nikamwuliza nani huanika.
Kimya. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.
"Kuna mama mmoja, wa Peru nadhani. Huja saa nne."
Jina lake?
Hakulijua. Akaahidi kuuliza.

Nikamwambia: hicho.
Kitsao akashika kichwa. Njia yote hiyo, mama,
ukatazame nguo za watu zikikauka?
Nikamjibu ziwa haliendi popote, nitalifuata kwa miguu, polepole.
Tena huko Menaggio, nimeona kwenye ramani,
jua linatoka ng'ambo ya maji, kama hapa.
Asubuhi sitapotea.

Hilo nililomwambia. Lingine sikumwambia.

Miaka ishirini na miwili nimebisha milango,
vifundo viwili vya vidole, si kwa nguvu,
taulo zimelala mkononi, nikisema permesso,
nikingoja.
Saa nne ya siku ya kwanza atabisha yeye.
Kitanda nitakuwa nimekwisha kukitandika, hilo siwezi kujizuia,
na pembe nimezikunja.
Neno la kumjibu nalijua, nimelisikia kupitia mbao mara elfu:
avanti.
Nalijaribu jikoni, wali ukitokota.
Linatoka kama la mtu mwingine.
Labda nitanyamaza tu, niende nikafungue.