Zamu ya Aizada

Saa kumi kasorobo, theluji dirishani Bishkek,
simu ya zamu: tovuti ya wizara imevamiwa.
Aizada anafungua. Waziri hayupo, wala mkasi wake wa utepe;
pamebandikwa daraja la kule Naryn, limekatika kiunoni,
na swali jekundu:
NONDO MLIZOKULA, ZILIKOLEA CHUMVI?

Nakala safi anayo. Kitufe kimoja, waziri arudi kutabasamu.
Ila daraja lile analijua. Ermek, kaka yake,
bado huvuka chini yake kwa miguu,
viatu shingoni, barafu magotini.

"Bado tu?" mkuu anafoka.
"Bado, mkubwa. Wametia komeo la ajabu."

Anabandika birika.
Anaosha kikombe kisicho na doa.