Nimepika

Katika kambi ya polisi ya Nsambya
vyumba vilitengwa kwa mabati tu,
kwa hiyo ndimi hazikutengwa.
Baba yangu, Koplo Okwir wa Lira,
hakuwahi kupatana na F, wala S;
kwao hazikuzaliwa.
Kila jioni aliripoti kwenye redio ya upepo:
"Nimepika, apande. Nimepika chalama."
Nasi watoto nyuma ya pazia tukaulizana
leo amepika nini,
na nani amemsaidia kumenya.

Mama Kemirembe wa chumba cha nne
akipakua matoke alituita, "Njooni kura!"
Nakku, mke wa sajini, mwaka wa uchaguzi
alivaa gomesi mpya akaenda kupiga kula.
Hatukuona kosa.
Waliopigiwa kura tuliwaona wakila.

Na Wamono, mtoto wa Bugisu, akichapwa
alilia, "Nitamwambia papa!"
Tulimcheka bila kujua tunacheka nini,
mpaka mwalimu mgeni, mtu wa Mombasa,
alipotuchorea ubaoni papa ni nani:
meno safu mbili, jicho halifumbi.
Tangu siku hiyo hakuna aliyemgusa Wamono.

Kiswahili chetu kilikuwa na viraka
kama suruali ya kaki ya baba,
lakini kilisitiri.

Nje ya geti kilikuwa kitu kingine.
Soko la Kibuye, nina miaka tisa,
nikauliza nyanya fungu bei gani.
Mwanamke akavuta kopo la pesa
akalibana katikati ya magoti.
Hakusikia swali. Alisikia buti,
mlango saa nane za usiku,
sauti iliyosema "Fungua,"
na mume aliyetoka na ndara moja.
Haya niliambiwa baadaye, nimekwisha kuwa mtu mzima.
Siku ile niliona tu kwamba nyanya zimepanda
tangu nilipofungua mdomo.

Nikajifunza kununua kwa kidole.
Kidole hakina lafudhi.

Kisha shule. Kisha kioo cha bweni,
gazeti la juzi mkononi,
nikiing'oa P na kupachika F mahali pake
kama mtu anayebadilisha vigae vya paa
kimoja kimoja, na mvua inanyesha.
Fundi. Fedha. Fika. Fika. Fika.
Wenzangu wakidhani nimeshikwa na mapepo.

Sasa napokea simu za benki, ghorofa ya tatu.
Wateja wa Mbarara huniuliza, wa Arua huniuliza,
"Dada, wewe hasa ni mtu wa wapi?"
Wanauliza kwa sababu hawasikii mahali.
Mwanzoni nilichukua swali hilo kama sifa,
nikalipeleka nyumbani kama mshahara.
Siku hizi likija
naangalia dirishani, nasema, "Nikusaidie nini kingine?"

Jana, saa moja kasoro, nakaanga vitunguu,
simu ikalia. Kelele za stendi, honi,
mtu anauza maji, na katikati ya yote
sauti iliyozeeka lakini haijahama:
"Nimepika, mwanangu. Niko apa, kwa bachi.
Nimepika chalama."

Nami, kabla sijaukamata,
ulimi ukavua viatu, ukatoka mbio:
"Umepika, baba? Umepika chalama?
Ngoja apo apo, nakuja. Uchiondoke!"

Nikazima jiko.
Binti yangu Kisakye alikuwa ameinua uso
kutoka kwenye hesabu zake, kalamu hewani.

"Mama, ni nani aliyekuwa anaongea?"
"Babu yako. Amefika."
"Si babu," akasema.
"Yule mwingine. Yule mwanamke."