Kijiti cha Fedha

Musoya alininyooshea vijiti viwili:
hiki cha fosforasi, bei yake meka mbili za unga,
na hiki cha fedha, bei yake…
Aliitaja. Nikageuka, nikatazama bomba la moshi la kiwanda.

Lubumbashi nzima imelalia shaba, nikamwambia,
kwa nini garimoshi la urefu wa mkono wangu
lidai fedha?

Hakujibu. Alitoa guniani
boila lake la kwanza, la mwaka ule walipomwachisha kazi relini,
akanipa tochi nichungulie sanduku la moto.
Mishono imeliwa, myeusi kama jino bovu.
"Makaa ya mawe yana kiberiti. Kiberiti hupenda fosforasi.
Hakiji kwa kishindo. Kinalamba tu, kila ukiwasha."

Nikauza redio.
Jumamosi, uani Katuba, shaba ikawa nyekundu kama chikichi,
na fedha ikakimbilia ufa yenyewe,
kama maji yanayojua kwao.

Hii ni mvua ya tisa.
Nalijaza maji, nalipima, shinikizo maradufu.
Mshale wa geji haurudi.
Musoya hayupo. Nakwaruza mshono kwa ukucha,
namsikia akitaja bei.