Daftari la Kimondo

Ambakisye alirudi kutoka Dar es Salaam
na gitaa moja, madeni mawili,
na kanda yenye sauti yake
iliyoandikwa jina la mtu mwingine.
Hakusema mengi. Alikunywa chai, vikombe vitatu,
akasema: nitajenga changu.

Tukapata chumba Mwanjelwa, nyuma ya mashine ya kukoboa.
Trei za mayai ukutani, mia mbili na kumi.
Najua idadi kwa sababu ni mimi niliyezinunua.
Magunia ya viazi mlangoni, blanketi la mtumba dirishani.
Mashine ikikoboa mpunga wa Kyela, tunanyamaza.
Mvua ikipiga bati, tunanyamaza,
na mvua ya Mbeya haina haraka ya kwenda kwao.
Muziki wetu tuliurekodi kwenye nyufa,
kati ya mpunga na mvua.

Jina alilitoa Mbozi, kwenye lile jiwe la chuma
lililoshuka kutoka mbinguni.
Aligonga kwa pete, likalia.
"Kimondo," akasema.
Nikauliza: si ni kitu kilichoanguka?
"Kilianguka, ndiyo. Sasa niambie nani amekihamisha."

Niliandika lebo kwa mkono, wino wa bluu,
upande A, upande B,
hadi kidole cha kati kikaota sugu.
Kanda ya kwanza mia tatu. Ya pili elfu nne.
Wauza ndizi wa Kiwira walizijua kwa moyo,
na harusi ya Rungwe isiyo na Kimondo
ilikuwa mapishi tu.

Akaja Gwamaka na kinanda chake,
wakaja mapacha wa Isanga waliogombana hadi kwenye kiitikio,
akaja Bibi Syabumi kutoka Masoko, miguu peku,
na wimbo wa kumlaza mtoto
ambao hakutaka kuuimba bila mtoto mikononi.
Tukamwazima wa mama muuza maharage.

Kilianza kuinama lini, sijui. Daftari linajua.
Ukurasa wa thelathini na mbili: meza ya mninga.
Thelathini na tatu: kiti kinachozunguka.
Gitaa likapandishwa msumarini ndani ya mfuko wake
kama marehemu anayesubiri ndugu wa mbali.
Gwamaka akija kudai, naambiwa nimwambie
bosi yuko Tunduma,
na viatu vya bosi naviona chini ya pazia.
Bibi Syabumi alipelekewa sukari.
Nimeandika hivyo hivyo: sukari, kilo mbili.

Siku moja akanipa karatasi ninakili kwa wasanii wote.
Ulikuwa ule mkataba wa Dar, ule uliomliza.
Nilibadilisha jina la juu.
Mengine yote niliyaacha yalivyokuwa.

Halafu zikaanza kuingia kanda kutoka ng'ambo ya mpaka,
nembo yetu, mwandiko wangu,
K yangu yenye mkia,
ila si mkono wangu. Nusu ya bei.
Nilinunua moja.
Ilisikika vizuri kuliko yetu.

Dalali alikuja Jumanne.
Alichukua meza, kiti, mashine za kurudufu;
gitaa alilipima kwa macho, akaliacha.
Trei nilizirudisha kwa wauza mayai,
wakanikata bei kwa matundu ya misumari.

Sasa Ambakisye analima viazi Igawilo.
Tukikutana sokoni tunaongea mbolea.

Kanda moja niliificha kwenye debe la unga.
Redio yangu inaikwaruza, lakini inaisoma.
Kwanza mvua, bati zima.
Kisha sauti yake, karibu kabisa na mikrofoni,
kijana, hana hata meza:
"Subirini kwanza. Mvua ipite."
Na nyuma yake Bibi Syabumi anaendelea kuimba.
Hakumsikia, au alimsikia,
lakini mtoto alikuwa ameanza kusinzia.