Ukifukua Jingine

Newala, ndoo ya maji imepanda tena.
Chitanda kapita alfajiri na baiskeli yake,
madumu sita, na bei anaitaja kwa sauti ya chini
kama mtu aliyeleta habari za msiba.
Nikachukua mawili.
Moja la kunywa. Moja la kila kitu kingine.

Sasa niambie, wewe unayesema kopo ni chakula cha wavivu:
maharage makavu yanataka kulala majini usiku kucha,
yamwagiwe, yapewe mengine,
yachemke saa tatu yakinywa kama ng'ombe,
huku mkaa unakwisha chini yake kimyakimya.
Na chama hakijalipa korosho.
Mimi ni mpishi wa dumu moja.
Napiga hesabu kabla ya kupiga kiberiti.

Duka la Nampota lina rafu ya makopo yaliyobonyea,
bei nusu.
Nayashika moja moja kama mkunga.
Lililovimba tumbo silitaki, hata la bure.
Lenye kutu mshononi narudisha.
Lililobonyea ubavuni tu, hilo langu;
nani hapa kwetu hajabonyea ubavuni?

Leo maharage, kopo moja.
Samaki wa nyanya, kopo moja, lile dogo.
Kifungua kopo kilipotea mwaka juzi,
natumia ncha ya kisu na mgongo wa mchi,
nakwenda nikizunguka, taratibu,
maana kidole kikikatika hakuna kopo la vidole.

Mavyaa, Bi Somoe, kakaa kizingitini,
miguu imevimba, daftari la kliniki mapajani.
Daktari kaandika neno chumvi, kisha akalikata kwa mistari miwili.
"Mimi sili kilichozikwa," anasema.
"Kitu kimelala kaburini miaka miwili,
kina jina la aliyekizika, kina na tarehe."
Sijibu. Naitazama tarehe.
Bado miezi minane.

Hapa ndipo penye kazi.
Maharage ya kopo yanaogelea kwenye chumvi.
Nayamimina kwenye chujio, sufuria nimeitega chini,
nayaosha kwa vikombe viwili, nayageuza kwa mkono,
mpaka yaache kuteleza.
Yale maji mazito siyamwagi.
Newala hakuna kitu kinaitwa maji ya kumwaga.
Yanachemshia muhogo wa watoto,
ambao presha hawajaijua bado,
na chumvi nyingine siongezi.

Kitunguu. Mafuta kijiko kimoja, nimekipima, sikumimina.
Majani ya maboga niliyachuma uani kabla jua halijayakunja.
Karanga konzi moja, nimetwanga nusunusu,
nataka zisikike mdomoni.
Kisha maharage. Kisha samaki na nyanya yake,
mifupa laini naiponda na mwiko, haitoki mtu hapa,
mifupa ya samaki kwa mifupa ya mkwe wangu.
Mahali pa chumvi nakamua ndimu.
Dakika kumi na mbili, na mkaa bado una macho mekundu;
nabandika chai.

Watoto wanakula bila kuuliza.
Kasembe analamba sahani upande wa nyuma, sijui kwa nini.
Bi Somoe namwekea kwenye bakuli lake la bluu,
nalifunika, nalisogeza, natoka nje
kwenda kuangalia kitu ambacho hakipo.

Nakaa huko. Nahesabu kuku wa jirani.
Nasikia kifuniko kikiinuliwa.
Nasikia kimya.
Nasikia kijiko kikikwaruza chini ya bakuli, mara mbili,
kama mtu anayetafuta shilingi.

Ninaporudi, bakuli limegeuzwa kifudifudi,
na kopo tupu liko mkononi mwake,
analigonga kwa ukucha, analipima kwa jicho,
litachukua mchele kiasi gani.
"Kesho," anasema bila kunitazama,
"ukifukua jingine,
zidisha ndimu."